MAJI YALITELEZA, MAFUTA YAKAGOMA!

Wapenzi wa kiepe yai, leo tuweke kando mapenzi na mitindo, tuingie jikoni. Najua mkifika bandani macho yote kwenye sahani. Hebu siku moja inueni shingo mtazame ile kofia ya bati inayovuta moshi juu ya karai. Mtaacha kula!

Shangazi yangu anakaanga chipsi hapa Iyunga, si mbali na stesheni ya TAZARA. Kila Jumapili ilikuwa zamu yangu kusugua hilo bati na bomba lake kwa maji ya moto na sabuni. Kazi ya jela, bwana. Ndiyo maana alipotokea jamaa mmoja mtanashati na kopo la "dawa ya kuzuia mafuta", mimi ndiye niliyembembeleza shangazi atoe mshiko. Jamaa alipaka kipande cha bati, akakimwagia maji. Maji yakajikunja kama shanga, yakateleza. "Umeona? Hapa hakishiki kitu mwaka mzima!" Tukapaka, nami nikastaafu kusugua.

Wiki ya tano, jioni, wateja wamejaa, cheche ikaruka juu. Bomba likawaka kama mwenge! Mshikaji mmoja akanyanyua ndoo ya maji. Shangazi akamkemea: "Weka chini, unataka kutuua?" Akafunika karai kwa sinia, tukaondoa mkaa. Moto ulizimika grisi ilipoisha, na boriti mbili zikawa zimeshaungua. Wale msiojua, maji yakiingia kwenye mafuta yanayochemka hugeuka mvuke ghafla na kurusha moto kila upande.

Kesho yake nikamfuata mwalimu wangu wa zamani wa kemia. Alicheka, kisha akaniambia nichume jani la gimbi. Nikalidondoshea maji, yakabiringika. Nikadondosha mafuta ya alizeti, yakatanda na kulowanisha jani. Kumbe! Maji hushikana yenyewe kwa nguvu kama mara mbili ya mafuta, ndiyo maana hukataa kulowanisha vitu vingi. Mafuta hayana ubishi huo, yanatambaa karibu popote. Tuliingizwa mjini kwa tone la maji.

Vitu vinavyokataa mafuta vipo, na vingi vina fluorini. Maarufu ni Teflon, iliyogunduliwa kwa bahati na Roy Plunkett wa DuPont, Marekani, mwaka 1938. Lakini nayo ikipita nyuzi joto 260 huanza kuharibika, na ukiisugua kwa chuma inachubuka. Tena PFOA, kemikali iliyotumika zamani kuitengeneza, mwaka 2019 iliingizwa kwenye orodha ya kukomeshwa chini ya Mkataba wa Stockholm. Kwa hiyo hata rangi iliyo bora kazi yake ni kurahisisha kufuta. Haifuti kwa niaba yako!

Basi, ndugu yangu mwenye banda, akija mtu na kopo lake, mwambie aweke maji pembeni. Mwaga mafuta ya karai, yaache yalale hadi asubuhi, kisha pitisha kitambaa. Yasipotoka, mwonyeshe njia ya stendi.

Mimi nimerudi kwenye zamu yangu ya Jumapili, na boriti mpya shangazi anazikata kwenye posho yangu. Mkinikuta nakula chipsi kavu, msiniulize. Tukutane wiki ijayo!