Tuijue Hifadhidata (4): Risiti Ndani ya Kisanduku Kimoja

Wiki iliyopita tulikutana na Edgar Codd wa IBM, aliyeeleza mwaka 1970 hifadhidata ya majedwali na kutaka kila kisanduku kibebe thamani moja tu. Leo tutazame mfumo uliolegeza sharti hilo: PostgreSQL, wenye chimbuko katika mradi ulioanzishwa na Michael Stonebraker huko Berkeley, Marekani, mwaka 1986. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, kisanduku chake kimoja huweza kubeba orodha ya vitu, na kila kitu kikawa na sehemu zake.

Chukua risiti ya duka. Ina namba, tarehe na vitu vilivyonunuliwa: sukari kilo 2, sabuni vipande 3, kila kimoja na bei yake. Kwa desturi tungeunda majedwali mawili na kuyaunganisha. Kwa njia ya leo, kwanza tunatangaza aina mpya, tuiite kitu, yenye jina, idadi na bei. Kisha jedwali la risiti tunalipa safu iitwayo vitu, ya aina kitu[]. Mabano hayo ya mraba ndiyo yanayoashiria wingi.

Ukitaka bei ya sukari iliyoandikwa mwanzo, unaandika (vitu[1]).bei. Hapo wengi hujikwaa. Aliyezoea Java au Python huanza kuhesabu kwa 0, lakini hapa kwa kawaida tunaanza kwa 1. Ukiandika [0], mfumo haulalamiki. Unakurudishia NULL, yaani hakuna thamani, nawe unabaki ukishangaa sukari imekwenda wapi.

Ukitaka jumla ya risiti, tumia unnest. Hii huikunjua orodha, kila kitu kikawa mstari wake. Zidisha idadi kwa bei, kisha jumlisha.

Lakini kuna gharama. Kitu kilicho ndani ya orodha hakiwezi kufungwa kwa ufunguo unaohakikisha kuwa kimo katika jedwali la bidhaa. Tena, ukisahihisha bei moja tu, mstari mzima wa risiti huandikwa upya.

Kwa hiyo risiti iliyokwisha kutolewa yafaa kuhifadhiwa hivi, maana haibadiliki tena. Bidhaa za ghalani, zinazoingia na kutoka kila siku, zipewe jedwali lake. Kwa hizo, sharti la Codd bado lina kazi.