PICHA ZA MAGONJWA YA NGOZI: ZIKUSAIDIE, ZISIKUPOTEZE



Huenda umewahi kumwona mganga akifungua kitabu cha picha za rangi, au akitazama picha katika simu, kabla hajakuandikia dawa. Baadhi ya watu wakiona hivyo husema, "Huyu hajui kazi, anasoma kitabu mbele yangu." Sivyo. Magonjwa ya ngozi ni mengi sana, na mengi yanafanana. Mganga anayelinganisha ngozi yako na picha anafanya kazi yake kwa uangalifu.

Lakini picha hizo sasa ziko pia mikononi mwetu sisi wenyewe. Mtu anaona kipele, anatafuta picha katika simu, kisha anakwenda dukani kununua krimu. Kwa hiyo ni vyema sote tujue picha hizi zinasaidia wapi na zinadanganya wapi.

KITABU CHA PICHA NI NINI?

Ni kitabu kinachoonyesha kila ugonjwa wa ngozi kwa picha, pamoja na maelezo mafupi. Kazi hii ni ya zamani. Daktari Robert Willan wa London alianza mwaka 1798 kutoa kitabu chenye michoro ya rangi. Aliyapanga magonjwa kwa umbo la alama: vipele vikavu, magamba, malengelenge, usaha na kadhalika. Mwaka 1865 Balmanno Squire, huko huko London, alitoa picha za kamera zilizotiwa rangi. Mwaka 1868 Hardy na Montméja wakafanya hivyo katika hospitali ya Saint-Louis, Paris.

Hapa Afrika Mashariki, chuo cha magonjwa ya ngozi kilifunguliwa Moshi, Tanzania, mwaka 1992, kwenye hospitali ya KCMC. Kinafundisha waganga na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa sababu madaktari bingwa wa ngozi ni wachache. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa kitabu cha picha kwa ajili ya wahudumu wa mstari wa mbele, yaani wale walio karibu na vijiji kama vyetu.

MASWALI MATANO KABLA YA PICHA

Mhudumu aliyefundishwa haanzi na picha. Anaanza na maswali. Nawe ukienda kwenye kituo, uwe na majibu haya tayari:

1. Alama ina umbo gani? Doa, kipele, lengelenge, duara, uvimbe au kidonda?
2. Iko wapi mwilini? Ilianzia wapi?
3. Ilianza lini? Imebadilika namna gani?
4. Inawasha, inauma, au haina hisia kabisa?
5. Nani mwingine nyumbani anayo?

Picha inajibu swali la kwanza tu, na kidogo swali la pili. Hayo mengine haiwezi kuyajibu. Picha haiwashi, haina homa, wala haina watoto wanaolala nayo kitanda kimoja.

MIFANO

Upele. Kwenye picha ni vipele vidogo tu, vinavyofanana na mambo mengi. Dalili kubwa haionekani: muwasho unaozidi usiku, na watu wengi wa nyumba moja kujikuna. Tazama kati ya vidole, viganja vinapoungana na mikono, kwapani, kiunoni na matakoni. Anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kujikuna, na huku anaambukiza. Kwa sababu hiyo watu wote wa nyumba hutibiwa siku moja, hata wasiowashwa. Nguo na matandiko yafuliwe na kuanikwa juani, au yafungwe katika mfuko kwa siku 3 au zaidi. Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya dawa. Hiyo peke yake si dalili kwamba dawa imeshindwa.

Choa, ambayo wengine huiita mashilingi. Ni duara lenye ukingo ulioinuka na magamba, katikati pakiwa pasafi zaidi. Hapa picha husaidia sana. Hatari ni krimu za kuondoa muwasho zenye dawa ya steroidi, zinazouzwa hata bila cheti. Ukiipaka juu ya choa, muwasho unapungua na unafurahi, lakini ukungu unaendelea kuenea chini yake. Baada ya muda choa haifanani tena na picha yoyote, na hata mganga anapata shida kuitambua.

Ukoma. Huanza mara nyingi kama doa lililopauka au jekundu-jekundu, lisilowasha wala kuuma. Picha yake inafanana na madoa mengine yasiyo na hatari. Tofauti ni hisia: mganga atakugusa kwa pamba huku umefumba macho, na kwenye doa la ukoma huenda usisikie. Kwa hiyo usimwite jirani yako mkoma kwa sababu umeona picha. Neno hilo likishatoka mdomoni, watu wanaacha kuchota maji pamoja na familia yake na kucheza na watoto wake. Na wewe mwenye doa lisilo na hisia, usijifiche. WHO imekuwa ikitoa dawa za ukoma bure tangu mwaka 1995, matibabu ni miezi 6 au 12, na mtu akianza mapema mikono na miguu yake inapona salama.

Mpox na tetekuwanga. Uganda ilitangaza wagonjwa wa mpox mwaka 2024, na wengi wetu tuliona picha zake. Tetekuwanga huonekana zaidi kifuani na mgongoni, na malengelenge huwa ya hatua mbalimbali kwa wakati mmoja. Mpox mara nyingi huja na homa na tezi zilizovimba, na vipele vyake hufika usoni, viganjani, kwenye nyayo na sehemu za siri. Hata hivyo yote mawili yanaweza kukupotosha. Maabara ndiyo inayothibitisha, si picha.

PICHA HUDANGANYA WAPI?

Kwanza, rangi ya ngozi. Vitabu vingi vilitengenezwa Ulaya na Marekani kwa picha za ngozi nyeupe. Vinaandika "wekundu". Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo unaweza kuonekana kahawia, zambarau au kijivu. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari London aliyezaliwa Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kitabu kinachoonyesha dalili kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Ukitazama picha, uliza kwanza: je, ni ngozi kama yangu?

Pili, hatua ya ugonjwa. Picha nyingi zinaonyesha ugonjwa uliokomaa. Wakimbizi waliotutangulia nchini hapa walilijua hilo. Katika miaka ya 1960 Wanyarwanda waliokaa makazi ya Kinyara, Bunyoro, walipatwa na vidonda vikubwa vya Buruli, na watafiti walitoa taarifa juu yao mwaka 1971. Kidonda hicho, ambacho kingo zake zimechimbika chini ya ngozi, mara nyingi huanza kama uvimbe mdogo usiouma. Anayesubiri mpaka afanane na picha amechelewa.

UKITAKA KUPIGA PICHA YA NGOZI

Picha ya simu inaweza kumsaidia mganga, hasa kama alama huja na kuondoka.
- Piga mchana, kwenye mwanga wa kutosha, bila flashi.
- Piga moja ya mbali ionyeshe sehemu ya mwili, na moja ya karibu.
- Weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane.
- Piga tena baada ya siku chache.
- Omba ruhusa ya mgonjwa. Kwa mtoto, omba ya mzazi. Usionyeshe uso bila sababu, wala usiisambaze katika makundi ya simu. Mtu alikimbia nyumbani kwake akaacha kila kitu. Heshima ya mwili wake isiachwe pia.

USINGOJE PICHA, NENDA KITUONI LEO KAMA:

- kuna homa pamoja na vipele au malengelenge;
- ngozi inachubuka, au kuna vidonda mdomoni na machoni baada ya kumeza dawa;
- mtoto mchanga ana usaha au malengelenge;
- uvimbe wa moto unaenea haraka na kuuma sana;
- doa halina hisia, au kidonda hakiponi.

Ukiwa Base Camp, Juru au Rubondo, mwone kwanza mhudumu wa afya wa kijiji chako (VHT) kama kituo kiko mbali. Atakuelekeza. Tatizo likizidi uwezo wa kituo, utapelekwa mbele, hata hospitali ya rufaa ya Mbarara.

Picha ni kama mtu anayekuonyesha njia: anakuelekeza upande, lakini hakufikishi mlangoni. Itazame, jibu maswali matano, kisha umwone mganga kabla ya kununua krimu. Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe jirani, na asiyejua kusoma msomee.