Mtoto, Kompyuta na Siri za Nyumba

Watoto wa Kampala hawakungoja ruhusa ya mtu kuingia katika intaneti. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wala hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu zaidi. Masomo yalitolewa kwa redio, televisheni na magazeti, na shule zilizoweza zilituma kazi kwa simu. Basi simu ya mama ikawa ndiyo ubao na chaki, na mtoto wa miaka minane akaizoea kumshinda mwenyewe.

Darasani mambo ni mengine. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kompyuta haimo, na mwalimu mwenye darasa lililofurika hana budi kuufuata mtihani.

Hata hivyo, mzazi asidhani kwamba pasipo mashine hapana la kufundisha. Mtoto aliyekulia katika kambi za Nsambya, Naguru au Mbuya amekwisha kuona gwaride, na gwaride ni mwanzo mzuri. Kompyuta ni kuruta mtiifu kupita kiasi: hutenda aliloamriwa, kwa mpango ule ule, na asipoambiwa "simama" ataendelea mpaka ukutani. Mwaka 1967, huko Marekani, Seymour Papert na wenzake walitunga lugha ya kompyuta iitwayo Logo, ambayo baadaye watoto waliitumia kumwongoza "kobe" achore mistari. Uwanjani petu mwanafunzi mmoja aweza kuwa kobe, na wenzake wakamwandikia amri: mbele hatua 10, kulia geuka, rudia mara 4. Akiishia alikoanzia, amechora mraba, nao wameandika programu. Ama vidole vitano vya mkono mmoja, vikipewa thamani ya 1, 2, 4, 8 na 16, vingine vikiinuliwa na vingine vikikunjwa, huhesabu hadi 31. Kompyuta nayo huhesabu kwa njia hiyo hiyo.

Sehemu iliyo nzito ni ya usalama. Katika nyumba zetu baba au mama huenda akawa mbali kwa miezi mingi. Majeshi ya Uganda yaliingia Somalia tangu Machi 2007, na watoto wengi wameijua sauti ya mzazi kwa simu tu. Kwa hiyo kumnyang'anya mtoto simu si dawa. Afundishwe kwamba picha ya baba mwenye sare, jina la kambi na siku ya kuondoka si habari za kumpa mtu asiyemjua. Picha ya simu yaweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa, ijapokuwa nyuma pameonekana ukuta mtupu. Vivyo hivyo namba ya siri ya pesa za simu: twawatuma watoto kwa wakala tukiwatajia namba hiyo kwa sauti, kisha twashangaa fedha zikitoweka.

Mitandao mingi mikubwa haimkubali mtu aliye chini ya miaka 13, yaani karibu shule ya msingi nzima. Mtoto aliyemo amedanganya umri wake, na pengine mkubwa alimsaidia.

Sasa lile la kuogofya. Mtu mzima hujifanya mtoto katika mchezo wa simu, humsifu binti, humwomba picha ya kawaida, kisha picha ya aibu. Akiisha kuipata, humtisha kuisambaza asipotuma nyingine au fedha. Binti ajuaye kwamba nyumbani atachapwa atanyamaza, na kunyamaza ndiko akutakako yule mwovu. Nidhamu ya kambi ni jambo jema, lakini hapa kiboko humtumikia adui. Mzazi na aahidi mapema, kabla ya shida, kwamba mtoto atakayesema hatapigwa, hata kama alivunja amri. Na ahadi hiyo aitimize.

Likitukia, asijibiwe wala asilipwe. Ujumbe wake usifutwe, kwani ndio ushahidi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 huwaadhibu watendao hayo. Namba 116, iitwayo Sauti, hupigwa bila malipo, na polisi wana kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Picha yenyewe isitumwe kwa yeyote, hata kwa shangazi aliye na nia njema, maana kuisambaza nako ni kosa. Simu ipelekwe kituoni kama ilivyo, mtoto akifuatana na mtu mzima anayemwamini.