Nishuke ao Nipite?

Hapa Mutarule Ruzizi inapita taratibu, nzito kwa udongo. Huko juu, kwenye makorongo kati ya Bukavu na Kamanyola, mto huohuo unanguruma: kutoka Ziwa Kivu hadi Tanganyika unashuka karibu mita 700, nyingi zikiwa huko.

Nilikuwa nikitafsiri maelekezo ya usalama ya boti za mpira, zile zinazoshuka mito ya Nepal na Nile pale Jinja, nikakwama kwenye "maporomoko". Kipimo cha kimataifa kina madaraja 6: la 3 mgeni hupita akiongozwa, la 6 ni hatari ya kifo. Sisi tuna neno moja, ambalo pia ni udongo unaobomoka mlimani! Nilimsomea baba mdogo, mvuvi wa Uvira: "Maporomoko mbele." Akauliza, "Sasa nishuke ao nipite?"

Basi nimeandika "maji ya kasi" panapopitika, "maporomoko" maji yanapoanguka. Amri nazo zimenisumbua. Kundi huamriwa kwa wingi, lakini "Pigeni kasia nyuma!" ina silabi nane, boti imeshapinduka. "Nyuma!" inazo mbili. "Inameni!" nimeibadilisha kuwa "Chini!", ingawa baba mdogo anaona si adabu.