Ujifunzaji wa Kujiongoza wa Kiswahili Sokoni Kikuubo, Kampala: Hatua Inayokosekana

1.0 Utangulizi

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa azimio la kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na likapendekeza kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo unamlenga mtoto aliye darasani. Mtu mzima anayekihitaji leo hii dukani hubaki kujifundisha mwenyewe. Makala hii inafafanua jinsi ujifunzaji huo unavyofanyika Kikuubo, mahali unapokwamia, na jambo ambalo sera inaweza kuchangia.

Kikuubo, jina ambalo katika Kiganda hudokeza njia nyembamba, ni eneo la biashara ya jumla katikati ya Kampala. Huko hununuliwa sukari, sabuni, mafuta na unga kwa ajili ya maduka ya Uganda yenyewe, Sudan Kusini, Rwanda na mashariki ya Kongo. Katika Buganda Kiswahili kilikabiliwa na upinzani wa muda mrefu: Kabaka Daudi Chwa alikipinga hadharani mwaka 1929, na baadaye kikahusishwa na askari na mabavu. Sokoni sura hiyo imebadilika, kwani hapo Kiswahili ni lugha ya mteja.

2.0 Hatua za ujifunzaji wa kujiongoza

Malcolm Knowles, katika kitabu chake cha mwaka 1975, anamweleza mwanafunzi anayejiongoza kuwa ni yule anayebaini mahitaji yake, anayejiwekea malengo, anayetafuta nyenzo, anayechagua na kutumia mbinu, na hatimaye anayetathmini matokeo. Kwa mchuuzi, hatua nne za mwanzo hutimizwa na soko lenyewe. Hitaji ni kuuza, lengo ni kuelewana, nyenzo ni wateja, na mbinu ni kusikiliza, kuiga na kurudia.

3.0 Mtaji wa lugha ya kwanza

Mzungumzaji wa Kiganda haanzi mikono mitupu. Anazo tayari *sukaali, ssabbuuni, eŋŋaano, edduuka* na *ebbeeyi*, ambazo ni jamaa za sukari, sabuni, ngano, duka na bei. Mfumo wa ngeli pia si mgeni kwake: *omuntu* na *abantu* humwelekeza kwenye mtu na watu.

Hata hivyo, mtaji huo una mipaka, nayo hujitokeza pale penye fedha. *Bbiri, ssatu* na *ttaano* humfikisha kwa urahisi kwenye mbili, tatu na tano. Lakini *mukaaga, musanvu* na *mwenda* hazimsaidii kupata sita, saba na tisa, zenye asili ya Kiarabu. Ndivyo ilivyo kwa ishirini, hamsini, mia na elfu. Kwa kuwa bei za Uganda hutajwa kwa maelfu, tarakimu anazozihitaji zaidi ndizo ambazo lugha yake inamsaidia kidogo zaidi. Aidha, *okutunda* katika Kiganda ni kuuza, ilhali katika Kiswahili neno tunda hupeleka fikra kwenye mti na mavuno.

4.0 Tathmini kama kiungo dhaifu

Hatua ya tano ndiyo yenye tatizo. Mizani pekee ya mchuuzi ni mauzo: bidhaa ikiuzwa, somo limefaulu. Kosa lisilovunja biashara halisahihishwi, kwa sababu mteja hana sababu ya kumkosoa anayemuuzia. Kwa njia hiyo makosa huota mizizi. Mtu anaweza kujadili bei kwa ufasaha wa kutosha na bado akashindwa kusoma hati ya mzigo au masharti ya deni, na hapo ndipo hasara hutokea. Zaidi ya hayo, Kiswahili cha mteja wa Bukavu hakifanani na cha dereva wa Mombasa. Anayejifunza kwa wote wawili hukosa kigezo cha kujipima.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, sera haina haja ya kumfundisha mchuuzi upya yale ambayo soko limekwisha kumfundisha. Inachopaswa kutoa ni hatua inayokosekana. Makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, liandaliwe jaribio fupi la hiari, la mazungumzo na usomaji wa nyaraka za biashara, linalofanyika karibu na soko. Pili, nyenzo za watu wazima zianzie kwenye tarakimu na maneno yanayopotosha, badala ya salamu na majina ya wanyama. Tatu, upimaji utofautishe kosa linaloharibu maana na tofauti ya kilahaja, ili Kiswahili cha Kongo kisihesabiwe kuwa ujinga. Bila hayo, Kiswahili rasmi kitakua shuleni huku kile cha sokoni, ambacho tayari kinalisha familia, kikibaki bila wa kukisahihisha wala wa kukitambua.