Kukanda nyayo za mama mwenye mimba

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma karatasi hii bwana akiwa kazini, leo tuzungumze juu ya jambo tunaloulizwa mara nyingi hapa dispensere. Watu wanasema kwamba ukikanda unyayo mahali panapotakiwa, mwanamke asiyezaa atapata mimba, na mwenye mimba atazaa bila taabu. Je, ni kweli?

Kukanda si kitu kigeni kwetu Kalemie. Bibi zetu walikanda kwa mafuta ya mawese. Lakini kukanda nyayo kwa ramani kulitoka Marekani. Daktari William Fitzgerald, mganga wa masikio, pua na koo, alitoa kitabu mwaka 1917 akigawa mwili katika mistari 10 tangu kichwa hadi vidole vya miguu. Katika miaka ya 1930 mama mmoja, Eunice Ingham, alichora viungo vyote vya mwili juu ya unyayo. Katika ramani yake kizazi kinakaa upande wa ndani wa kisigino, chini ya mfupa wa kifundo.

Ramani ni nzuri kuitazama. Waingereza waliijaribu, na mwaka 2009 walitangaza habari ya wanawake 48 ambao mayai yao hayakuwa yanakomaa sawasawa. Wengine walikandwa kwa kufuata ramani, wengine walikandwa miguu hivi hivi tu. Waliopata yai walikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Basi wewe unayetafuta mtoto, usimalize miezi na mshahara kwa mkandaji. Mkikaa mwaka mzima bila mimba, au miezi 6 kama bibi amepita miaka 35, njooni wawili. Nasema wawili! Baba wengi wanamtuma bibi peke yake, na kumbe mara nyingi sababu iko kwa mwanaume, au kwa wote wawili. Kisonono, ambacho wengine wanakiita sopisi, kikiachwa bila dawa kinaweza kuziba mirija ya mwanamke, na ya mwanaume vilevile.

Kwa mama aliye na mimba tayari, mambo ni mengine. Kumkanda miguu polepole jioni kunampumzisha, kunampa usingizi. Wewe baba, ukishaoga baada ya kazi, kaa chini umkande bibi yako. Si aibu. Lakini uangalie vizuri mguu unaoushika.

Mama mmoja wa kambi yetu alikuwa na mimba ya miezi 8. Kila jioni mama mkwe alimkanda. Siku moja akaona kidole gumba kinazama katika mguu na shimo linabaki. Wakasema ni uchovu, wakaongeza mafuta. Kesho yake uso ukavimba, pete ikakataa kutoka kidoleni, kichwa kikauma sana, macho yakaona kama vimulimuli. Bwana alitoka kazi ya usiku, akamkuta hivyo, akamleta mbio hata bila kuvua buti. Nilipopima presha nikakuta 160 kwa 110. Tulimpeleka hospitali saa ileile, akapewa dawa ya presha na sindano ya kuzuia kifafa cha mimba. Mtoto alizaliwa mdogo, lakini mzima, na mama naye yuko.

Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida kwa wenye mimba wengi, hasa joto hili la ziwani. Uso na mikono kuvimba ghafla si kawaida. Kichwa kuuma bila kuacha, macho kuona ukungu, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu: acha kukanda, njoo. Na kama ni mguu mmoja tu uliovimba, una moto na unauma nyuma ya goti au katika shavu la mguu, usiukande hata kidogo. Damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa, na ikisukumwa kwenda mapafuni inaua.

Presha haionekani kwa macho wala kwa kidole. Tangu 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu linashauri mama aonekane na mganga au mzalishaji mara 8 katika mimba moja. Kila mara uombe kupimwa presha na mkojo. Na dalili zile zikikupata usiku, usingoje kupambazuke: mwamshe jirani, muje.