Tulienda kuona nyama wa pori, tukarudi na maneno ya makala

Siku ya posho iliyopita tulitoka Bukavu saa kumi na mbili asubuhi, wamama 22 ndani ya bisi moja, bugali na sombe ndani ya vikapu. Pale Miti tuliacha barabara ya Kavumu, tukapanda kuelekea Tshivanga, mlango wa mbuga ya Kahuzi-Biega. Njiani tulipishana na wanawake wenzetu wakiteremka na magunia ya makala mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Hatukusema neno. Karibu sisi wote tulikuwa tumewasha mbabula asubuhi ile.

Kuona gorila kunaomba pesa ambayo kasha letu halina, basi tulitembea na kiongozi pembeni ya pori tu. Alitueleza kwamba mbuga iliundwa mwaka 1970, na kwamba tangu 1997 UNESCO inaihesabu kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Akamtaja Maheshe, gorila dume aliyeuawa mwaka 1993. Wakubwa kati yetu walimkumbuka mara moja: sura yake ilikuwa kwenye noti ya zaire 50.000!

Mama mmoja aliuliza habari ya Batwa, waliotolewa katika pori hilo miaka ya 1970. Kiongozi alijibu kwa kifupi. Sisi tunaona swali hilo lilistahili jibu refu, maana wengi wao mpaka leo hawana shamba.

Mchana tulifika Lwiro, kituo ambacho tangu 2002 kinapokea sokomutu na nyani walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Hapo tulikaa sana. Sokomutu mama hamwachii mtu mtoto wake. Anayemtaka mtoto anamuua mama kwanza, nyama inapelekwa sokoni, mtoto anauzwa. Na mtoto huyo ananyonya miaka minne mpaka mitano, kwa hiyo mama anazaa mara moja tu kwa miaka mitano hivi. "Kumbe naye anapanga uzazi," mmoja wetu akasema, tukacheka. Kisha sokomutu mdogo akatoa mkono kati ya nyaya, na kicheko kikaisha.

Katika bisi tulipatana haraka kwamba nyama ya pori haitaingia tena katika vyungu vyetu. Juu ya makala, hapana. "Umeme hauko, mnataka nipike na nini?" mama mmoja aliuliza, na alikuwa na haki. Wawili kati yetu wana mbabula ya udongo yenye ukuta mnene. Wanasema gunia lililokuwa likimaliza wiki tatu sasa linapita mwezi. Wengine hawakuamini.

Siku ya tatu wataleta mbabula zao kwenye mkutano, tupike maharagi mbele ya wote. Yule aliyeuliza atakuja na makala yake, apime mwenyewe.